Upeo wa mawimbi

Muuguzi wa zahanati moja alinirudishia karatasi ya maelekezo niliyoitafsiri mwenyewe. Ilihusu kihisi kidogo cha halijoto, kisichozidi kisanduku cha kiberiti, cha kuweka ndani ya jokofu la chanjo ambalo linapaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mstari mmoja ulisema "masafa: mita 100" na wa chini yake "masafa: 433 MHz". Akaniuliza, "Mwalimu, masafa ni mita au ni megahezi?" Kosa lilikuwa langu. Nililitwisha neno moja mizigo miwili.

Masafa, neno lililotujia kutoka Kiarabu, kwanza ni umbali. Ndiyo maana tuna wakimbiaji wa masafa marefu. Lakini redio nayo imelichukua. Mtangazaji akitaja masafa ya 88.9, hakuna msikilizaji anayefikiria kilomita. Anajua ni mahali pa kutega redio yake. Katika fani ya mawasiliano, masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, na matumizi hayo yamekwisha kuota mizizi. Tuyaache hapo. Kwa mahali ambapo mawimbi ya chombo yanakomea kusikika, napendekeza upeo.

Sababu iko katika upeo wa macho. Umbali ni nafasi iliyopo baina ya vitu viwili, basi. Upeo hubadilika. Aliyesimama ufukweni huona mashua hadi mahali fulani. Akipanda mnazi, anaziona za mbali zaidi. Ukungu ukitanda, kisiwa kinapotea na wala hakikusogea. Mawimbi ya kihisi ni vivyo hivyo. Hayakatiki kama kamba, bali hufifia kadiri yanavyosambaa, mpaka yanamezwa na kelele za umeme zilizojaa hewani. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara 2, nguvu inayofika hubaki robo. Kwa hiyo anayetaka kuongeza upeo maradufu kwa nguvu peke yake atahitaji nguvu mara 4, na betri ya kidonge itaisha mapema.

Ziko njia nafuu zaidi za kupanua upeo. Ya kwanza ni kuinua antena, kama yule wa mnazini. Ya pili ni kuipa urefu wake halali: wimbi la 433 MHz lina urefu wa karibu sentimita 69, na antena ya waya ya kawaida ni robo yake, yaani sentimita 17 hivi. Anayeukata waya huo ili kifuniko kifunge vizuri anaukata upeo. Ya tatu ni kusema polepole. Mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto huvuta silabi ili zitambulike; teknolojia ya LoRa nayo hutuma taarifa taratibu, na mpokeaji huzitambua hata zikiwa hafifu mno. Gharama yake ni kukaa hewani muda mrefu, lakini kihisi cha halijoto kina tarakimu chache tu za kusema.

Wengine huweka kituo katikati kinachopokea na kutuma tena. Hapo upeo wa kihisi haukupanuka. Zimeunganishwa peo mbili. Tofauti hiyo ni vigumu kuitamka ukiwa na neno masafa pekee.

Kuhusu neno kihisi lenyewe, simu zetu hutumia kitambuzi, kama kitambuzi cha alama ya kidole, nalo ni neno zuri. Ila sensa, kama wengine wanavyokiita kihisi, tuwaachie wanaohesabu watu.

Niliandika karatasi upya: "Masafa: 433 MHz. Upeo: mita 100 mahali pa wazi." Muuguzi akaisoma, akalitazama jokofu lake la bati, akauliza, "Sasa mlango ukifungwa, upeo unabaki huohuo?" Haubaki, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi. Siku hiyohiyo tulikiacha ndani kichwa cha kihisi peke yake, tukapitisha waya wake mwembamba pembeni mwa mpira wa mlango, na kisambazaji tukakiweka juu ya jokofu. Swali la kwanza la muuguzi lilitokana na neno lililomchanganya. La pili lilitokana na neno lililomwonyesha pa kutazama.