Sambaza Alikuwa Mgeni

Nilikulia Nguba, mtaa wa Bukavu, na Jumapili kwetu ilikuwa kuogelea. Ziwa Kivu halina mamba. Mama alituonya juu ya baridi tu. Mananasi yetu yalitoka Idjwi, kisiwa cha ziwa hilo ambacho mkataba wa 1910 ulikiweka upande wa Wabelgiji.

Sambaza, samaki wadogo ambao leo kila mtu wa Bukavu huapa ni wa mababu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee waliozaliwa mji ukiitwa Costermansville hawakuwala utotoni! Usiku wavuvi hufunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huwasha taa na kuimba. Samaki hupanda kufuata mwanga. Mimi napenda wa kukaanga, kwa pilipili na bugali wa muhogo. Wa kuchemsha kuleni ninyi.