Tusizichome daftari za babu zetu

JUZI mjini Kisii, mwalimu mmoja wa Kiswahili aliniuliza: “Ndugu yangu, hivi miswada ya kale si mambo ya Lamu na Pate? Sisi Abagusii tunahusikaje?” Swali hilo lilinikosesha raha. Nitalijibu kwa kuanzia mbali.

Waarmenia walipata alfabeti yao mwanzoni mwa karne ya 5, kazi ya mtawa Mesrop Mashtots. Tangu hapo, watawa walinakili vitabu kwa mkono karne baada ya karne. Kila mnakili alipofika tamati, aghalabu aliandika jina lake, mwaka na mahali, akataja vita au njaa ya wakati huo, kisha akamsihi msomaji amwombee na kumsamehe makosa. Maneno hayo ya tamati leo ni hazina ya wanahistoria.

Mwaka wa 1915, Waarmenia walipokuwa wakiangamizwa katika milki ya Waturuki, inasimuliwa kuwa wanawake wawili walikuta kitabu cha mahubiri cha Mush katika monasteri iliyobomolewa. Kilikuwa na uzito wa kilo 28. Wakakigawa mara mbili. Mmoja alifika salama na kipande chake. Mwenzake alifia safarini, lakini alikuwa amekifukia chake. Vipande hivyo vilikutana baadaye, na sasa vimo Matenadaran, hifadhi ya miswada mjini Yerevan.

Turudi nyumbani. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mnakili hodari. Alinakili tenzi kwa hati za Kiarabu, nyingine kwa ajili ya wasomi kama vile Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Kazi zake nyingi zimehifadhiwa London na Ujerumani. Zimesalimika, naam, ila mtoto wa Lamu anayetaka kuzishika mkononi sharti apande ndege!

Na Kisii je? Huku kalamu ilikuja na misheni: Wakatoliki pale Nyabururu, Waadventista pale Nyanchwa. Mnamo Septemba 1914, vita vya Waingereza na Wajerumani vilifika mjini Kisii, na misheni hizo zikaporwa. Hata hivyo, watu waliendelea kujifunza kuandika. Makatekista, makarani na walimu wakajaza daftari kwa Ekegusii na Kiswahili: nyimbo, methali, nasaba za koo, mipaka ya mashamba. Hao ndio wanakili wetu, ingawa hatujawahi kuwaita hivyo.

Babu yangu kule Nyamira alikuwa na daftari kama hiyo. Alipozikwa, karatasi zake ziliwashia moto jikoni. Hakuna aliyekusudia ubaya. Tulidhani ni takataka tu. Leo nikiulizwa jina la baba wa babu wa babu yangu, nabaki kukuna kichwa.

Kwa hivyo, mwalimu wangu, tunahusika sana. Fungua sanduku la marehemu kabla ya kulitupa. Andika kwenye karatasi kando ni daftari ya nani, ya wapi na ya mwaka gani. Ipige picha kwa simu, kisha uulize maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe kama wataipokea. Wale wanawake wawili walibeba kilo 28 wakikimbia kifo. Yetu hata robo kilo haifiki.