Kujenga, Kusimika na Kusakinisha: Historia Fupi ya Kazi Tatu na Majina Yake

Istilahi haina budi kuifuata kazi. Kazi ikibadilika na jina likabaki lile lile, msomaji wa waraka hupotoka bila ya yeye wala mwandishi kutambua. Makala haya yanaeleza jambo la namna hiyo katika uwanja wa kompyuta, yaani kuzipeleka programu za taasisi kutoka mikononi mwa waandishi wake hadi kwenye seva zitakamofanyia kazi. Mafundi huita kazi hiyo kwa mkato "kudiploi". Nyaraka nyingi huiita "kusakinisha". Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba hapa pana kazi tatu, na kwamba historia ya kazi hizo katika nchi yetu ndiyo inayotudai majina matatu.

Tuanze na mfano wa taarifa za afya. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ilieneza nchini mfumo wa vitabu na fomu uitwao MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mhudumu wa kata kama Mgori, katika Wilaya ya Singida, aliandika wagonjwa vitabuni, akajumlisha hesabu mwisho wa mwezi, na fomu zikapelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Hapo hapakuwa na programu yoyote. Kilichosafiri kilikuwa karatasi.

Baadaye ikaja programu ya DHIS, iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka hiyo hiyo na kuendelezwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilishiriki katika kazi hiyo kwa upande wa Tanzania. Toleo la kwanza la programu hiyo lilitumia hifadhidata ya Microsoft Access, na kila kompyuta ilikuwa na nakala yake. Penye marekebisho, nakala mpya ilibidi ifikishwe kwenye kila kompyuta. Mipango ya halmashauri ilikuwa na hali kama hiyo: programu ya PlanRep iliwekwa katika kompyuta za halmashauri, na takwimu zikachukuliwa kutoka huko ili ziunganishwe. Katika mazingira hayo neno "kusakinisha" lilifaa sana. Lina asili ya Kiarabu katika neno linalohusu kukaa mahali, na kweli programu ilikuja kukaa ndani ya mashine ya mtumiaji.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 2006 lilitoka toleo la pili, DHIS2, lililoandikwa upya kwa lugha ya Java ili likae katika seva moja na kufikiwa kwa kivinjari. Tanzania Bara ililieneza katika halmashauri zake, kazi iliyofikia upeo wake mwaka 2013. Septemba 2017 ikazinduliwa PlanRep mpya ya mtandaoni. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao. Tangu hapo mtumishi wa halmashauri hasakinishi kitu ili atumie mifumo hiyo. Hufungua kivinjari, akaandika jina lake na neno la siri. Kazi iliyokuwa imetawanyika wilayani imehamia kwenye chumba cha seva. Jina, hata hivyo, halikuhama pamoja nayo.

Huko kwenye seva nako kulikuwa na historia yake. Mwaka 1976, katika maabara ya Bell nchini Marekani, Stuart Feldman alitunga programu iitwayo Make. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: mwenzake alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu, kumbe kosa alikwisha kulisahihisha, ila sehemu iliyosahihishwa haikuwa imejengwa upya. Make ilisoma faili lenye maelezo ya kipi kinategemea kipi, kisha ikajenga upya yale tu yaliyobadilika. Java ilipoenea, James Duncan Davidson alitunga Ant, iliyotolewa peke yake mwaka 2000, naye alikuwa mtunzi wa awali wa seva ya Tomcat. Mwaka 2004 likafuata toleo kamili la kwanza la Maven, ambalo lilileta mpango mmoja wa kujenga, na kuzitafuta lenyewe maktaba za programu zinazohitajika.

DHIS2 ni mfano mzuri wa matumizi ya vyombo hivyo. Maandishi yake ya asili ni maelfu ya mafaili. Maven huyasoma, huyageuza yawe katika umbo ambalo mashine huweza kulitekeleza, huyapima kwa majaribio, na kuyafunga katika faili moja. Hiyo ni kazi ya kwanza. Faili hilo huwekwa katika Tomcat, likaunganishwa na hifadhidata, na seva ikawashwa. Hiyo ni kazi ya pili. Skripti huweza kuzifanya zote mbili kwa amri moja: kusimamisha seva, kuhifadhi nakala ya zamani, kuweka mpya, kuwasha, na kuirudisha ya zamani iwapo mpya imekataa. Faida yake ni kwamba hatua haisahauliki kwa uchovu wa fundi wa usiku, na anayekuja baadaye huweza kusoma yaliyofanyika.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutenganisha kazi hizi. Katika msitu wa Mgori, ambao vijiji vilianza kuusimamia katika miaka ya 1990, kuna ufugaji wa nyuki. Mfugaji huchonga mzinga, kisha huutundika mtini. Hakuna asemaye ametundika mzinga ambao ungali karakana, wala mzinga uliochongwa vizuri hautoi asali ukiwa chini ya uvungu. Lugha imezipa kazi hizo vitenzi viwili kwa sababu zinaweza kufanywa na watu wawili, kwa siku mbili, na malipo mawili.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili kwa watumishi na wafasiri. Mkataba wa Kiswahili ukisema mkandarasi "atasakinisha mfumo", je, amemaliza wajibu wake akikabidhi faili lililojengwa, au hadi seva iitikie, au hadi kila ofisi iwe na kitu katika kompyuta yake? Waraka ukimtaka mtumishi wa kata "asakinishe toleo jipya" la mfumo ulio kwenye seva, atatafuta kitu cha kuweka asikione, na huenda akapakua kisichohusika kutoka mtandaoni. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Ugomvi wa maneno kama hayo utaamuliwa kwa Kiswahili.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. "Kujenga" litumike kwa kuyageuza maandishi ya asili kuwa faili lililo tayari, na maelezo ya kazi hiyo yaitwe "skripti ya ujenzi". "Kusimika" litumike kwa kuiweka programu katika seva na kuianzisha. Ni kitenzi cha nguzo na mlingoti, na cha kiongozi anayewekwa rasmi madarakani, nacho hubeba maana ya kitu kilichowekwa ili kianze kazi. Kazi hiyo ikifanywa na skripti iitwe "usimikaji otomatiki". "Kusakinisha" libaki na kazi yake ya zamani, yaani kuiweka programu katika kompyuta au simu ya mtumiaji. Hatupendekezi "kusambaza", kwa kuwa kusambaza ni kupeleka penye wengi, ilhali historia tuliyoieleza ni ya kutoka penye wengi kwenda pamoja.

Wafasiri na walimu wanaombwa wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na kuyapima kwa swali moja: je, msomaji ameelewa ni nani afanye nini, na wapi?