Kisanduku cha tarehe na kumbukumbu za wazee wa Kibirichia

Wiki hii hatuzungumzii simu mpya wala programu mpya. Tunazungumzia kitu kidogo kilichomo karibu katika kila fomu ya kompyuta: kile kisanduku kilichoandikwa "Tarehe ya kuzaliwa". Sisi watengenezaji wa programu hukiweka bila kufikiri. Kinataka siku, mwezi na mwaka, na ukikiacha tupu, fomu inakataa kwenda mbele.

Kwa miezi kadhaa sasa, kila nikienda nyumbani Kibirichia, nimekuwa nikirekodi mazungumzo na wazee kwa simu yangu. Kwa wasioijua, Kibirichia iko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, katika Buuri, Kaunti ya Meru. Ni nchi ya baridi na ya viazi. Ukikuta lori la viazi likielekea Nairobi kutoka pande za Meru, huenda limepakiwa kwetu. Nilitaka kujua maisha yalikuwaje: watu walikula nini, walinunua kwa pesa gani, habari ziliwafikiaje. Kurekodi sauti ni rahisi. Kazi ngumu ni kuzipanga kwenye hifadhidata, maana hifadhidata inauliza "lini?", na mzee anajibu kwa lugha ambayo mashine haijafundishwa.

Kwanza tuitazame mashine yenyewe. Mifumo mingi ya kompyuta inahesabu wakati kwa sekunde, kuanzia saa sita usiku ya kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Huku kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Hapo ndipo sifuri ilipo. Ndiyo maana programu ikikosa tarehe mara nyingine hukuonyesha 1 Januari 1970. Kwa mashine, mtu aliyezaliwa kabla ya usiku huo ana namba hasi. Karibu wazee wote niliozungumza nao wana namba hasi. Walikuwa wameshaoa na kuolewa, wameshaona ukoloni ukiondoka, kabla kompyuta haijaanza kuhesabu.

Pili, tuitazame karatasi. Nchini Kenya, uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo kwa Waafrika ulienezwa hatua kwa hatua, wilaya baada ya wilaya, na kufikia mwaka 1971 ukawa umefika nchi nzima. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa kijijini miaka ya 1940 hana cheti cha kuzaliwa cha wakati ule. Mwaka ulio kwenye kitambulisho chake mara nyingi ulikadiriwa. Mtu aliyejaza fomu alimtazama usoni, akamuuliza maswali mawili matatu, akaandika. Tangu siku hiyo kadirio likawa ukweli, kwa sababu kila fomu iliyofuata ilinakili ile ya kwanza.

Je, ina maana wazee hawajui tarehe? La, hasha. Wana kalenda, ila si ya namba. Wanaume wa Kimeru walijipanga kwa marika ya tohara, nayo yana majina kama Gichunge na Gwantai. Ukimwambia mzee jina la rika, anakwambia papo hapo nani ni mkubwa wake, nani ni mdogo wake, na nani alikuwa mzazi wa nani. Mpangilio hauna kasoro. Kilichokosekana ni namba tu. Makarani wa sensa wanalijua jambo hili: wamekuwa wakitumia kalenda ya matukio ya mahali, yaani njaa, vita, mafuriko na vifo vya viongozi, kumsaidia mtu asiyejua mwaka wake kuukaribia.

Nikaamua kufanya vivyo hivyo, ila kwa vitu vya kila siku. Kilichonisaidia kuliko vyote ni swali moja: "Noti ilikuwa na picha ya nani?" Mtu husahau mwaka, lakini pesa aliyoitafuta kwa jasho hasahau sura yake. Hii hapa kalenda ya noti:

- Mfalme George: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.
- Malkia Elizabeth: kuanzia 1953.
- Mashua ziwani, bila kichwa cha mtu: kuanzia 1964, noti za mwisho za pamoja za Afrika Mashariki.
- Kenyatta: kuanzia tarehe 14 Septemba 1966, Benki Kuu ya Kenya ilipotoa noti zake za kwanza.
- Moi: kuanzia 1980.
- Kenyatta tena: baada ya Moi kuondoka madarakani mwishoni mwa 2002.
- Jengo la KICC: kuanzia 2019.

Kuna jambo la kuangalia hapa. Noti mpya ikitoka, ile ya zamani haipotei siku hiyo hiyo. Kwa hiyo noti inakupa "si kabla ya", haikupi "si baada ya". Ukishalielewa hilo, kazi inakuwa kama kutafuta kosa kwenye programu: unaweka mipaka mmoja baada ya mwingine mpaka nafasi iliyobaki iwe ndogo.

Nitawapa mfano. Mama mmoja mzee, jirani yetu, aliniambia aliolewa "mwaka wa mahindi ya njano". Kila Mkenya mwenye umri anayakumbuka mahindi ya njano, lakini yalikuja zaidi ya mara moja. Yalikuja mwaka 1965 kutoka Marekani baada ya ukame, na yakaja tena baada ya mvua ya masika kukosekana mwaka 1984. Miaka 19 katikati! Nikamuuliza kuhusu noti. Akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, ilikuwa na mashua. Baba yangu alihesabu mbele ya wageni, na mimi nilikuwa nikichungulia." Mashua ni 1964, na Kenyatta akaingia 1966. Basi ni 1965, wala si 1984.

Nikamuuliza kitu cha mbele zaidi anachokikumbuka. Akasema ni siku walipohamishiwa kijijini wakati wa Hali ya Hatari, yeye akiwa amebeba kibuyu cha maji nyuma ya mama yake. Serikali ya kikoloni ilianza kuwakusanya watu kwa lazima katika vijiji, kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, mwaka 1954, na kufikia mwisho wa 1955 sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Mtoto anayetembea na kibuyu cha maji, na anayekumbuka, tumpe angalau miaka sita. Basi hakuzaliwa baada ya 1949.

Kitambulisho chake kinasema 1952.

Ukikifuata kitambulisho, alikuwa mtoto wa miaka miwili au mitatu akibeba maji, kisha akaolewa akiwa na miaka 13. Yeye mwenyewe anakataa katakata, na wanarika wake wanakataa pamoja naye.

Huenda unajiuliza, miaka mitatu ina uzito gani kwa bibi kizee? Ina uzito wa shilingi. Mpango wa Inua Jamii kwa waliotimiza miaka 70 ulipoanza kulipa mwaka 2018, kiasi kilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na umri ulisomwa kwenye kitambulisho. Kwa kitambulisho chake, alitimiza miaka 70 mwaka 2022. Kwa kibuyu na mashua, aliitimiza 2019 au kabla yake. Kama usajili ungefuata umri wake wa kweli, tofauti ni angalau miaka mitatu, sawa na shilingi 72,000. Hizo ni dawa, ni kuni, ni mbegu. Kadirio la mtu mmoja, lililofanywa kwa dakika moja, ndilo lililoamua. Na hakuna hata fomu moja iliyowahi kuandika kwamba lile lilikuwa kadirio.

Hapa ndipo sisi wa programu tunapoingia. Fomu inayolazimisha tarehe kamili inazalisha tarehe ya uongo, kisha inaihifadhi kwa sura ile ile ya tarehe ya kweli. Anayeisoma baadaye hana namna ya kuzitofautisha.

Dawa ipo. Kuna namna ya kuandika tarehe zisizo kamili, iitwayo EDTF. Ilianzia Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 2019 ikaingizwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, sehemu ya pili. Si ngumu hata kidogo:

1978~ maana yake ni mwaka 1978 hivi.
1978? maana yake ni 1978, lakini hatuna hakika.
195X maana yake ni mwaka fulani wa miaka ya 1950.
[1965,1984] maana yake ni mmojawapo wa miaka hii miwili.
[..1949] maana yake ni mwaka fulani usiozidi 1949.

Ndoa ya yule mama ilianza kama [1965,1984] na ikaishia 1965. Kuzaliwa kwake ni [..1949]. Mashine inaweza kuzipanga na kuzitafuta, na haijadanganya mtu.

Ila namba peke yake haitoshi. Kwenye hifadhidata yangu kila kumbukumbu ina safu tatu. Ya kwanza ni maneno ya mzee kama alivyoyasema: "mwaka wa mahindi ya njano". Ya pili ni ushahidi: noti, redio, nzige, kibuyu. Ya tatu ndiyo miaka niliyoikokotoa mimi. Safu ya tatu inaweza kubadilika kesho nikipata ushahidi mpya. Ya kwanza haiguswi kamwe.

Kwa nini haiguswi? Kwa sababu mara nyingine mzee ana haki na kitabu ndicho kilichochelewa. Chukueni viazi. Aina za Asante na Tigoni zilitolewa rasmi mwaka 1998. Aina ya Shangi, ile inayoiva upesi na kuchipua upesi, ilitambuliwa rasmi mwaka 2015. Sasa mkulima akikwambia alipanda Shangi kabla ya 2015, programu inayoamini kitabu itamwekea alama nyekundu. Lakini Shangi ilisambaa kutoka shamba hadi shamba, mkulima akimgawia mwenzake mbegu, muda mrefu kabla ya karatasi kutiwa sahihi. Kumbukumbu iko sawa. Mwaka wa 2015 ni mwaka wa karatasi.

Redio nayo ni shahidi mzuri. Mzee mmoja hakumbuki alinunua redio yake lini, lakini anajua aliinunua kwa pesa za pareto, na anajua kijiji kizima kilikusanyika uani kwake kusikiliza kifo cha Mzee Kenyatta. Hiyo ni tarehe 22 Agosti 1978, basi redio ilikuwapo kabla ya siku hiyo. Ukimsikia mtu akisema "Sauti ya Kenya" pale ambapo wewe ungesema KBC, ujue anazungumzia wakati wa kabla ya 1989, jina liliporudi kuwa KBC. Anayekumbuka maziwa ya Nyayo akiwa shule ya msingi hakumaliza kabla ya 1979. Na anayekumbuka kutumiwa pesa kwa simu yuko baada ya Machi 2007, M-Pesa ilipoanza.

Nzige wa Januari 2020 walipofika pande za Meru na Isiolo, magazeti yaliandika kwamba Kenya haikuwa imeona uvamizi kama huo kwa takriban miaka 70. Vijana walitoa simu wakapiga picha. Wazee wachache walitoka nje, wakatazama, wakasema, "Hawa tuliwaona." Sentensi hiyo ni cheti cha kuzaliwa, kama kuna mtu wa kuiandika.

Na hilo la kuandika halingoji. Faili ya kompyuta ikiharibika, pengine una nakala mahali pengine. Mtu aliyeiona noti ya mashua ikihesabiwa mbele ya wageni hana nakala. Kila tukirudi kutoka mazishi, ujue swali fulani limekosa mtu wa kulijibu.

Kwa hiyo, ukienda nyumbani mwezi wa Desemba, usimuulize nyanya alizaliwa mwaka gani. Atakutajia ule wa kitambulisho, kwa sababu ndio aliofundishwa kuutaja. Muulize noti ilikuwa na picha gani siku alipoolewa. Muulize walikula nini mwaka wa njaa, na walikoga mto gani. Muulize nani alikuwa mkubwa kwake na nani alimbeba mgongoni. Washa simu, iweke mezani, kaa kimya usikilize. Hesabu utazifanya baadaye.

Na wewe mwenzangu unayetengeneza fomu: kando ya kile kisanduku cha tarehe ongeza kingine kidogo, kiandike "Hii ni kadirio". Ni mistari michache ya msimbo. Kama fomu ya yule mama ingekuwa nacho, angalau leo angekuwa na pa kuanzia kudai.

Haya, kwa leo naishia hapo. Nirudi kwenye kazi inayolipa mkate.