Grace Onyango: Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Bungeni alitoka Kisumu

MAREHEMU Grace Monica Akech Onyango ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wapiga kura kuwa mbunge nchini Kenya. Aliliwakilisha eneobunge la Kisumu Mjini kwa vipindi vitatu mfululizo, kuanzia 1969 hadi 1983.

Alizaliwa 1924 huko Sakwa, Bondo, na kusomea ualimu, kazi aliyoifanya kabla ya kujitosa katika siasa za mitaa mjini Kisumu. Akiwa diwani, alichaguliwa meya wa mji huo mnamo 1965 kufuatia kifo cha Mathias Ondiek. Hakuna mwanamke Mwafrika aliyekuwa ameshika wadhifa wa meya nchini kabla yake.

Uchaguzi wake wa kwanza wa ubunge ulifanyika wakati wa majonzi. Mnamo Oktoba 25, 1969, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali kuu mpya, ambayo wakazi waliiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Ghasia zilizuka, walinzi wakafyatua risasi, na raia kadhaa wakauawa. Siku chache baadaye, chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akazuiliwa.

Wiki sita tu baada ya mauaji hayo, wakazi wa mji huo waliitwa kupiga kura. Kwa vile KANU ilibaki peke yake, aliyeshinda mchujo wake wa Desemba 6 alihesabiwa kuwa mbunge moja kwa moja. Wakazi walimchagua meya wao. Kote nchini, hakuna mwanamke mwingine aliyechaguliwa mwaka huo.

Alitetea kiti chake kwa ufanisi Oktoba 1974 na Novemba 1979, chaguzi ambazo Jaramogi alizuiwa kuwania. Kuanzia 1974 hakuwa tena peke yake, kwani Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini na Dkt Julia Ojiambo wa Busia walijiunga naye. Bungeni, aliwahi kukalia kiti cha Spika akiwa naibu wa muda, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya. Aidha, alihudumu kama katibu mkuu wa Luo Union.

Safari yake ya ubunge ilifikia kikomo katika uchaguzi wa Septemba 1983. Mnamo 1988 kiti hicho kilitwaliwa na Dkt Robert Ouko, aliyeuawa Februari 1990 akiwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni.

Bi Onyango aliaga dunia Machi 8, 2023, Siku ya Wanawake Duniani, akiwa na umri wa miaka 98.

Katiba ya 2010 iliwatengea wanawake viti 47 vya wawakilishi wa kaunti, na kuagiza kuwa jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wabunge. Hata hivyo, viti vya maeneobunge vingali vigumu kwao. Ufuo wa wavuvi wa Dunga umo katika eneobunge la Kisumu ya Kati, ambalo tangu 2013 limewachagua Ken Obura, Fred Ouda na Joshua Oron, wote wanaume. Njia aliyoifungua mwalimu huyo 1969 ingali na wapitaji wachache.