Walioitwa Wagonjwa Wakawa Wanafunzi: Historia ya Elimu Kondaktivu

Vita vilipoisha mwaka 1945, Budapest ilikuwa magofu. Madaraja yote ya mto Danube mjini humo yalikuwa yamelipuliwa, na watu walihangaika kutafuta chakula na kuni. Katika hali hiyo daktari mmoja wa makamo, András Pető, alianza kuwakusanya watoto wenye mtindio wa ubongo, wale ambao madaktari wenzake walikwisha kusema hawana tiba. Miongoni mwa waliokuja kumsaidia alikuwa mwanafunzi wa udaktari, Mária Hári, aliyezaliwa mwaka 1923. Dunia inalikumbuka zaidi jina la Pető. Mimi naamini kwamba bila Hári jina hilo lisingevuka mipaka ya Hungaria.

Pető alizaliwa mwaka 1893 katika mji wa Szombathely, magharibi mwa Hungaria. Alisomea udaktari Vienna na kufanya kazi Austria miaka mingi. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 hakuwa tena na mahali huko. Alirudi Hungaria akiwa na wazo ambalo wakati ule lilionekana la ajabu. Jeraha la ubongo haliponi, alikubali hilo, lakini mtu mwenye jeraha hilo bado anaweza kujifunza. Mtoto asiyeweza kuketi, kushika kijiko au kupiga hatua alihitaji kufundishwa mambo hayo, kama vile wengine wanavyofundishwa kusoma. Miaka hiyohiyo ya vita, huko Urusi, mwanasaikolojia Aleksandr Luria alikuwa akiwahudumia askari waliojeruhiwa kichwani. Maandishi yake kuhusu jinsi maneno yanavyoongoza vitendo yalikuja baadaye kuwapa warithi wa Pető lugha ya kuieleza kazi yao.

Na kazi yenyewe, iliyokuja kuitwa elimu kondaktivu, ilifanyika hivi. Watoto kadhaa wa umri unaokaribiana wamelala juu ya vitanda vya chaga visivyo na godoro. Chaga zimeachwa na nafasi kati yake ili vidole vipate pa kushika. Mwalimu, anayeitwa konduktori, anataja tendo, nao wanaitikia kwa sauti: "Ninanyoosha mikono." Kisha wanahesabu pamoja taratibu, moja hadi tano, na mikono inanyooka huku hesabu ikiendelea. Sauti ya mtoto mwenyewe ndiyo inayouamrisha mwili wake. Baadaye wanageuka kifudifudi, wanajivuta hadi ukingoni, wanashusha miguu na kusimama wakiwa wameshika kiti ambacho mgongo wake umetengenezwa kama ngazi. Kiti hicho kinasukumwa mbele, mguu unafuata. Safari ya kwenda mezani kula inaweza kuchukua muda mrefu kweli, wala hakuna anayembeba mtoto ili kuokoa muda, kwa sababu safari hiyo ndiyo somo. Konduktori amechuchumaa nyuma yake, kiganja kimeligusa goti linalotaka kukunjika, na anakiondoa mara goti linapokaza.

Jambo kubwa hapo ni kwamba mtu huyo ni mmoja. Kwingineko mtoto yuleyule angepelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwa ajili ya miguu, kwa mwingine kwa ajili ya matamshi, kisha kwa mwalimu kwa ajili ya hesabu. Pető aliuona mgawanyo huo kuwa sehemu ya tatizo. Konduktori alikuwa na mtoto tangu kuamka, kuvaa na kwenda chooni, hadi kusoma, kucheza na kulala.

Mwaka 1950 serikali ya Hungaria ilianzisha taasisi ya taifa kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1963 ikahamishwa kutoka wizara ya afya kwenda wizara ya elimu, uamuzi ambao kwangu una uzito kuliko mwingine wowote katika historia hii. Serikali ilikuwa imekubali rasmi kwamba watoto wale ni wanafunzi. Makonduktori walisomea kazi yao miaka minne, darasani na kwa vitendo.

Pető alifariki tarehe 11 Septemba 1967, siku aliyotimiza miaka 74. Alikuwa mkali, tena aliandika kidogo sana kuhusu njia yake. Mengi yalikuwa kichwani mwake na mikononi mwa wasaidizi wake. Hári ndiye aliyeshika uongozi, akayapanga mafunzo, akaandika na kufundisha kwa zaidi ya miaka 20. Alifariki mwaka 2001.

Nje ya Hungaria habari zilianza kufika miaka ya 1960, pale Ester Cotton, mtaalamu wa fiziotherapia aliyefanya kazi Uingereza, alipotembelea Budapest na kurudi na mbinu hizo. Lakini mlango ulifunguka hasa mwaka 1986, BBC ilipoonyesha filamu kuhusu familia moja ya Kiingereza iliyompeleka mtoto wao Budapest. Wazazi waliamka. Waliunda vikundi vya kuishinikiza serikali, na mamia ya familia wakafunga safari kwenda Hungaria, wengine kwa fedha za michango. Mwaka huohuo mwanasaikolojia Andrew Sutton aliongoza kuanzishwa kwa wakfu wa elimu hiyo, na mwaka 1987 kituo kikafunguliwa Birmingham. Nchini Israeli nako wazazi walianzisha shirika la Tsad Kadima mwaka 1987. Hong Kong, Japani, Australia na New Zealand zikafuata kwa njia zao.

Kisha yakaja matokeo ya utafiti. Mwaka 1993 wataalamu waliowafuatilia watoto wa Birmingham na kuwalinganisha na wenzao katika shule maalumu za kawaida walitoa ripoti. Hawakuona kwamba watoto wa elimu kondaktivu walikuwa wamepiga hatua kubwa zaidi. Wazazi waliumia, na watetezi wa njia hii walilalamika kwamba kilichopimwa hakikuwa elimu kondaktivu kamili. Tuupokee ukweli huo. Anayemwahidi mzazi kwamba mtoto wake atatembea kwa sababu tu ya njia hii anamdanganya. Tusisahau pia kwamba taasisi ya Budapest ilikuwa ikichagua watoto wa kuwapokea.

Hata hivyo kazi haikufa. Watu wazima wenye ugonjwa wa Parkinson na waliopata kiharusi hufundishwa kwa vikundi vivyo hivyo, kwa hesabu na kwa sauti. Mwaka 2017 taasisi ya Pető ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Semmelweis.

Kwetu Afrika Mashariki, walimu wa elimu maalumu wanasomea Chuo cha Ualimu Patandi huko Arusha au Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) huko Nairobi, na wataalamu wa fiziotherapia wanasomea vyuo vya afya. Mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo ndiye anayezunguka kati yao, mtoto mgongoni. Kitanda cha chaga na kiti cha ngazi fundi seremala yeyote wa mtaani anavimudu. Wanaopanga mitaala ya vyuo hivyo wawakutanishe wanafunzi wa pande zote mbili katika darasa moja, mbele ya mtoto mmoja, na mama yake akiwepo.