Raja Aliyegawa Shamba: Maisha ya V. P. Singh

Umwinyi mtu huzaliwa nao, lakini Vishwanath Pratap Singh aliupata kwa njia mbili: kwa damu na kwa kulelewa. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1931 katika ukoo wa Kirajput wa Daiya, karibu na mji wa Allahabad, ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Prayagraj. Angali mdogo alitolewa kwa raja wa Manda, jirani yao, aliyekosa mwana wa kumrithi. Mwaka 1941 mlezi wake huyo alifariki dunia, na mtoto wa miaka kumi akawa raja.

Raja wa aina hiyo hakuwa mfalme mwenye jeshi na sarafu yake. Alikuwa zamindari, yaani bwana wa ardhi aliyekusanya kodi kwa wakulima, akaipelekea serikali fungu lake na mwenyewe akabakiwa na lililosalia. Waingereza waliutegemea sana mpango huo katika India ya Kaskazini, na umaskini wa wakulima wengi ulianzia hapo. Baada ya uhuru wa mwaka 1947, jimbo la Uttar Pradesh lilitunga sheria ya kuufuta, na tarehe 1 Julai 1952 sheria hiyo ikaanza kutumika. Kijana wa Manda alikuwa na umri wa miaka 21. Jina la raja alibaki nalo, na mashamba yake mwenyewe pia. Lakini kodi na amri juu ya wakulima vilikwisha.

Wenzake wengi walishughulika kuokoa kilichookoka. Yeye akashika njia nyingine. Tangu mwaka 1951 mzee Vinoba Bhave, mfuasi wa Gandhi, alikuwa akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji akiwaomba wenye ardhi wawagawie wasio nayo. Harakati hiyo iliitwa Bhoodan, maana yake sadaka ya ardhi. Mwaka 1957 raja wa Manda alitoa shamba lake la kijiji cha Pasna. Hakuna sheria iliyomlazimisha wala kura aliyokuwa akiitafuta wakati ule.

Siasa zilikuja baadaye. Mwaka 1969 aliingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo kwa tiketi ya chama cha Congress, na mwaka 1971 akachaguliwa kuwa mbunge wa Phulpur katika Lok Sabha. Indira Gandhi alimpandisha ngazi, na mwaka 1980 akamfanya waziri kiongozi wa Uttar Pradesh. Hapo aliahidi kuwakomesha majambazi waliotawala mabonde na misitu. Katika vita hivyo polisi walilaumiwa kwa kuua hata wasio na hatia, na majambazi nao wakaendelea kuua. Mwezi Machi 1982 walimuua ndugu yake mwenyewe, aliyekuwa hakimu. Mwezi Julai, kwa kuwa ahadi haikutimia, alijiuzulu. Katika nchi ambayo vyeo aghalabu haviachwi ila kwa kufukuzwa, jambo hilo halikusahaulika.

Rajiv Gandhi alipomfanya waziri wa fedha mwishoni mwa mwaka 1984, alipunguza viwango vya kodi, kisha akawaandama matajiri wakubwa waliokwepa kuilipa. Mwezi Januari 1987 alihamishiwa wizara ya ulinzi, na huko nako akaagiza uchunguzi wa malipo ya siri katika ununuzi wa nyambizi kutoka Ujerumani. Mwezi Aprili alijiuzulu. Siku chache baadaye redio ya Sweden ikatangaza kwamba kampuni ya Bofors ilikuwa imetoa hongo ili iiuzie India mizinga. Kashfa hiyo ilimwandama Rajiv hadi kuuawa kwake mwaka 1991; mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Delhi iliyafuta mashtaka ya hongo dhidi yake. Lakini katika mwaka 1987 mioyo ya watu ilikwisha kuhukumu.

Ndipo lilipozuka shairi la barabarani. Wafuasi wake walitunga beti fupi ya kusema kwamba mtu huyu si raja bali ni fakiri, naye ndiye takdiri ya nchi. Msomaji wa pwani hahitaji mkalimani hapo, maana maneno yote mawili, fakiri na takdiri, yametoka kisima kimoja cha Kiarabu na kuvuka bahari pande zote mbili, na vina vyake vinalingana huku kama kule. Kauli ile ilikuwa na nguvu kwa kuwa ilikuwa na ushahidi: shamba la Pasna, uwaziri ulioachwa mara mbili, na mgombea aliyezunguka kwa pikipiki katika uchaguzi mdogo wa Allahabad wa mwaka 1988, akashinda. Mwaka 1989 Congress, iliyokuwa na viti zaidi ya 400, ilishuka hadi 197. Tarehe 2 Desemba raja wa Manda akaapishwa kuwa waziri mkuu. Chama chake cha Janata Dal kilikuwa na viti 143 tu, naye akatawala akiegemea BJP upande mmoja na vyama vya Kikomunisti upande wa pili.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 7 Agosti 1990. Siku hiyo aliliambia Bunge kwamba serikali itaitekeleza ripoti ya tume ya Mandal, iliyokuwa imelala kabatini tangu mwisho wa mwaka 1980: asilimia 27 ya kazi za serikali kuu zitengewe matabaka yaliyoachwa nyuma, mbali na asilimia 22.5 zilizokwisha kutengewa Wadaliti na makabila ya asili. Wanafunzi wa matabaka ya juu wakafurika barabarani, na baadhi yao wakajitia moto. Wapinzani wake walisema alitafuta kura na kumzima naibu wake, Devi Lal, waliyekuwa wamekosana. Huenda hesabu ya siasa ilikuwamo. Ni mara chache isiwemo. Lakini wale waliodhurika na uamuzi huo walikuwa watu wa tabaka lake mwenyewe, nao hawakumsamehe. Ile beti ya fakiri ikageuzwa na mahasimu, kwa vina vingine, wakamwita doa la nchi.

Wakati huohuo L. K. Advani wa BJP alikuwa njiani kuelekea Ayodhya kudai hekalu mahali uliposimama msikiti wa Babri. Tarehe 23 Oktoba alikamatwa katika jimbo la Bihar, na BJP ikaondoa mkono wake. Tarehe 7 Novemba serikali ilianguka kwa kura 346 dhidi ya 142. Ilikuwa imedumu miezi kumi na moja. Asilimia 27, hata hivyo, haikuanguka nayo: mwaka 1992 Mahakama Kuu Kabisa iliithibitisha, na hakuna serikali iliyofuata iliyothubutu kuifuta.

Mwaka 1996 aliombwa arudi kwenye uwaziri mkuu, akakataa. Katika miaka ya maradhi ya saratani na figo alichora picha na kuandika mashairi mafupi ya Kihindi. Mwaka 2006, akiwa dhaifu wa mwili, alisimama pamoja na wakulima wa Dadri waliokuwa wakinyang'anywa ardhi kwa ajili ya mtambo wa umeme.

Alifariki Delhi tarehe 27 Novemba 2008. Usiku uliotangulia Mumbai ilikuwa imeshambuliwa, na macho ya India yote yalikuwa huko; kifo chake kilipita karibu bila kusikika. Mwili wake ulichomwa Allahabad, kando ya mto Ganga. Miaka 15 baadaye, tarehe 27 Novemba 2023, sanamu yake ilizinduliwa Chennai, kusini kabisa, kwa amri ya serikali ya Tamil Nadu, katika nchi ya Watamil isiyosema Kihindi chake wala kujua mipaka ya Manda.